Dokta, namaliza dumu la maji usiku na sukari sina: maswali yenu kuhusu mkojo mwingi na homoni

Wapendwa, tangu tuandike kuhusu kisukari maswali yamemiminika na mengi yanafanana: mtu anakojoa sana, anapima sukari iko poa, anapewa dawa za UTI, hapati nafuu, anarudi nyumbani amekata tamaa. Nimechagua machache. Majina nimeyaacha, ila maneno ni yenu, nimefupisha tu.

Shikamoo dokta. Mimi mwanamke wa miaka 31, nauza nguo Kariakoo, naishi Mbagala. Tangu mwezi wa nne nimepata kiu sijawahi kuiona, ilianza ghafla tu, na nataka maji ya baridi sana, yasipokuwa ya friji hayakati kiu. Usiku naweka dumu la lita tano pembeni ya kitanda, alfajiri limeisha. Chooni naamka mara sita mpaka saba, na sokoni vyoo vya kulipia vinanimalizia nauli. Sukari nimepima mara tatu hakuna. Dawa za UTI nimemeza dozi nne. Mama mkwe anasema ni jini la baharini, nipelekwe Bagamoyo kwa mtaalamu. Mume wangu naye kaanza kunificha maji usiku ili nilale. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote mwambie mumeo arudishe hilo dumu, leo hii hii, usisubiri kesho. Najua anafanya kwa mapenzi, anaona unavyoteseka kuamka, anadhani maji ndo yanaleta mkojo. Lakini kwa maelezo yako naona kama ni kinyume chake, mkojo ndo unaleta kiu. Fikiria simtanki ambalo koki ya chini imeachwa wazi, pampu ya juu haizimi kwa sababu inajitahidi kulijaza, sasa mtu akija akazima pampu ili maji yasimwagike, koki bado iko wazi, asubuhi mnakuta tanki tupu. Kiu yako ndo hiyo pampu. Mtu mwenye tatizo hili akinyimwa maji usiku kucha anaweza kuamka amechanganyikiwa, sodiamu, yaani chumvi ya damu, imepanda, na hapo tunaongelea kupoteza maisha.

Koki yenyewe ni nini? Figo zako zinachuja kama lita 180 za majimaji kila siku, na karibu yote yanarudishwa mwilini, kinachotoka ni lita moja na nusu hivi, mbili ukinywa vizuri. Anayeamua sehemu ya mwisho ya hayo maji irudi au imwagike ni homoni moja ndogo sana inaitwa vasopresini. Inatengenezwa ndani ya ubongo, inatunzwa kwenye tezi ya pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kako chini ya ubongo nyuma ya pua huko. Damu ikikolea kidogo tu, hata asilimia moja au mbili, homoni inamwagwa, inafika kwenye figo inafungua milango ya maji, maji yanarudi kwenye damu, mkojo unakuwa mchache na wa njano. Homoni isipokuwepo milango inabaki imefungwa, maji yote yanapita moja kwa moja kwenda kwenye kibofu, mkojo unatoka mweupe kama maji ya bomba, lita tano, kumi, kwa wengine hata kumi na tano kwa siku.

Ugonjwa huu kwa miaka mingi umeitwa kwa jina la kitaalamu, diabetes insipidus, linaloanza na neno lile lile la kisukari, na jina hilo limeleta balaa kwelikweli. Kuna wagonjwa waliolazwa hospitali, nchi zilizoendelea kabisa, wakakosa dawa yao ya homoni kwa sababu wahudumu walidhani ni wa sukari, wakawapima sukari wakaona ipo sawa, wakaendelea na kazi zingine. Ndo maana mwaka 2022 wataalam wa homoni duniani walikubaliana kubadilisha jina, sasa hivi unaitwa upungufu wa vasopresini, au ukinzani wa vasopresini kama homoni ipo lakini figo haziisikii. Mi naona walichelewa, ila afadhali.

Sasa UTI. Mwenye UTI anaenda chooni mara nyingi ila anatoa kidogo kidogo, kunauma, kunachoma, saa zingine mkojo una harufu au damu. Wewe unaenda mara nyingi na kila ukienda unajaza kopo, na hauumwi popote. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na inaniuma kuona mtu anamezeshwa dozi ya nne ya antibayotiki bila mtu hata mmoja kumuuliza "unakojoa kiasi gani?"

Kwa hiyo anza wewe mwenyewe na hicho kipimo, hakina gharama. Chukua jagi lenye mistari ya kupimia na daftari. Siku ukiwa nyumbani, ule mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, andika saa, kuanzia hapo kila tone pima uandike mpaka kesho yake saa ile ile, na huo wa kesho asubuhi uhesabu. Na maji unayokunywa andika pia. Mtu mzima akizidi lita 3 kwa saa 24, hapo ndo tunasema mkojo ni mwingi kweli. Ikija lita 1 na nusu ila umeenda mara kumi na tano, tatizo lipo kwenye kibofu na tutatafuta huko.

Na hilo daftari nenda nalo hospitali ya rufaa, Temeke ipo karibu na wewe, mwambie daktari unaomba upimwe sodiamu, potasiamu, kalsiamu, utendaji wa figo, na mkojo uangaliwe uzito wake. Kile kijiti cha kupima mkojo kinaonyesha uzito, wengi hawakisomi mstari ule. Ukiwa na kiu hivyo halafu mkojo wako uzito uko chini ya 1.005, maana yake ni maji matupu na figo hazikazi mkojo. Sodiamu ya kawaida ni 135 mpaka 145. Ya kwako ikiwa juu au inagusa mpaka wa juu, mshale unaelekea kwenye homoni. Ikiwa chini, inawezekana ni mtu anakunywa kupita mahitaji, na hao nao wapo, hasa siku hizi watu wanashindana kunywa lita tano kupunguza mwili. Ila wewe kuanza ghafla, kuamka usiku, na kutaka ya baridi tu, hizo alama tatu zinanifanya niwaze homoni zaidi.

Baada ya hapo kuna kipimo cha kukaa bila maji, unapimwa uzito wa mwili na mkojo kila baada ya muda, halafu unapewa homoni ya kutengenezwa uonekane mkojo unakolea au la. Ukikolea, pituitari ndo haitoi homoni. Usipokolea, figo ndo hazisikii. Tafadhali sana kipimo hiki KISIFANYWE NYUMBANI. Kinafanyiwa hospitali, unaangaliwa muda wote, na ukipungua uzito kupita asilimia 3 kinasimamishwa. Ikithibitika ni pituitari, utapigwa picha ya MRI kuangalia kama kuna uvimbe, au TB, au kinga ya mwili imeishambulia tezi. Saa zingine hakionekani chochote, na dawa inafanya kazi vile vile.

Dawa ipo. Inaitwa desmopresini, vidonge au ya kupuliza puani, ukipata dozi yako unalala usiku mzima, wagonjwa wengine wanalia wakisimulia usiku wa kwanza waliolala. Sharti lake moja: ukiitumia usiendelee kunywa maji kama zamani, kunywa ukisikia kiu tu, na angalau mara moja kwa wiki chelewesha dozi mpaka mkojo mwingi urudi kidogo, ndo umeze, ili maji yasijae mwilini. Hilo mkubaliane na daktari wako. Na kwa kuwa si kila duka la dawa wanayo, usisubiri kidonge cha mwisho ndo uanze kuzunguka mjini.

Kuhusu mama mkwe, usigombane nae, ni mkubwa na anakuhurumia kwa anavyojua yeye. Mwambie "mama tumalize vipimo kwanza". Ninachoogopa ni kwamba huko unaweza kuwekwa ndani siku nzima na kuambiwa ufunge bila maji. Hali kadhalika Ramadhani, kabla hujatibiwa usifunge, ongea na daktari na sheikh wako, mgonjwa ana ruhusa.

Dokta habari. Mdogo wangu ni dereva boda, alipata ajali Kimara wiki tatu zilizopita akaumia kichwa, akafanyiwa upasuaji. Siku ya pili akaanza kukojoa sana mpaka mfuko unabadilishwa kila saa, baadae ukakata, tukashukuru Mungu, ila tangu jana umerudi tena upya. Sisi ndugu tumeona tumpunguzie maji na uji. Tumefanya sawa?

Hapana ndugu yangu, na naandika hili nikiwa na wasiwasi, kwa hiyo kama bado hamjamrudisha kwa waliomfanyia upasuaji mpelekeni leo, msingoje tarehe ya kliniki.

Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, kale kamshipa kanakounganisha ubongo na pituitari kanaweza kuumia au kukatika, na kinachofuata kina hatua tatu ambazo mmezieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Siku za mwanzo homoni inagoma, mkojo unamwagika. Halafu zile chembe zilizokufa zinamwaga akiba yote ya homoni kwa pamoja, mkojo unakata siku kadhaa, ndugu wanafurahi, kumbe hapo sodiamu inaweza kushuka vibaya akiendelea kupewa maji mengi. Akiba ikiisha, mkojo unarudi, na safari hii unaweza kuwa wa kudumu. Si kila aliyeumia kichwa anapitia zote tatu, wengi inaishia ya kwanza na wanapona kabisa.

Swali kubwa nalotaka mjiulize ni hili: anasikia kiu? Kama anasikia, anaweza kushika kikombe na anaomba maji, mpeni anavyotaka, kiu yake inajua kuliko sisi. Ila kuna majeruhi ambao sehemu ya ubongo inayosikia kiu nayo imeumia, au bado hajielewi vizuri, huyo haombi. Anakojoa lita nane amekaa kimya. Huyo ndo wa hatari kuliko wote, lazima apewe maji kwa kipimo, apimwe uzito kila siku na sodiamu kila daktari atakaposema. Huko mtakapoenda, iwe MOI pale Muhimbili au kwingine, ombeni pia wapime homoni zingine zinazoongozwa na pituitari, hasa kotisoli inayotengenezwa juu ya figo. Kotisoli ikipungua inaficha huu mkojo mwingi, afu akipewa dawa ya kuirudisha mkojo unafumuka, familia inadhani dawa imemdhuru. Haijamdhuru, imefichua kilichokuwepo.

Na ikithibitika akaanzishiwa dawa, mumpe karatasi ya kutembea nayo kwenye waleti, iandikwe kwa kalamu nzito: ana upungufu wa vasopresini, anatumia desmopresini, asinyimwe maji. Vijana wa boda wanaokotwa barabarani na watu wasiowajua.

Mambo dokta, mi ni dada wa miaka 24 wa Sinza. Nilikuwa nameza deksa na vidonge vingine vya kuongeza mwili, pia napaka mkorogo karibu miaka miwili. Uso umekuwa wa mviringo, tumbo limekuja, michirizi ya zambarau, na sasa nakojoa sana na kiu. Nimeona nivitupe vyote kesho. Sawa?

Poa mdogo wangu, asante kwa kusema ukweli wote, wengi wanaficha mkorogo tunahangaika miezi. Usivitupe kesho. Nitaeleza.

Deksa ni steroidi, ndugu wa homoni ya kotisoli ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe juu ya figo, na krimu nyingi za kuchubua zina steroidi kali kama klobetasoli, inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu, tena ukipaka mwili mzima kila siku inaingia ya kutosha. Ikizidi inapandisha sukari, na sukari ya damu ikipita kama 10 figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka kwenye mkojo na inavuta maji pamoja nayo. Wazee walikuwa wanaangalia sisimizi wakikusanyika pale mtu alipokojoa, ni sukari hiyo hiyo. Kwa hiyo wewe kipimo cha kwanza ni sukari, kabla hujala asubuhi ikifika 7.0 au zaidi, au muda wowote 11.1 ukiwa na kiu na mkojo hivyo, hicho ni kisukari. Pima na presha na potasiamu.

Kwanini usiache ghafla: miaka miwili mwili wako umeona kotisoli inatoka nje, ukalaza kiwanda chake. Ukikata siku moja unabaki huna ya nje wala ya ndani, presha inashuka, unatapika, unazimia, ukipata malaria tu au kuharisha unaweza kufa. Inapunguzwa taratibu kwa wiki au miezi chini ya daktari. Nenda wiki hii, beba vidonge na makopo ya krimu uweke mezani kwake, na asikuaibishe mtu.

Dokta, mke wangu ana mimba ya miezi minane, anaenda haja ndogo kila saa. Wamama wa mtaani wanasema kawaida. Kweli?

Mara nyingi kweli, mtoto anakalia kibofu, anatoa kidogo kidogo. Mpimieni kwa jagi kama nilivyoeleza juu. Ikizidi lita 3 na ana kiu kali, sukari ya mimba ipimwe kwanza. Kuna nyingine adimu ambapo kondo la nyuma linatoa kimeng'enya kinachovunja vasopresini ya mama, inakuja mwishoni mwa mimba na inapotea yenyewe wiki chache baada ya kujifungua, desmopresini haivunjwi na kimeng'enya hicho kwa hiyo inatibu. Wanaopata hii wakati mwingine ini nalo lina shida, waombeni wapime ini na presha siku hiyo hiyo.

Mzee wa miaka 58, Ukonga. Mawe ya figo mara mbili, choo kigumu, mifupa inauma, uchovu, na mkojo mwingi. Sukari hakuna.

Shikamoo mzee wangu. Vitu vitano umevitaja na mi naona vinaweza kuwa kimoja: kalsiamu kwenye damu. Shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo, kimoja kikivimba kinatoa homoni kupita kiasi, inavuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa, figo zinaziba masikio haziisikii vasopresini, mkojo unamwagika. Pima kalsiamu, kawaida ni kama 2.2 mpaka 2.6. Ikiwa juu wapime homoni ya vitezi hivyo, parathairoidi. Kikipatikana kitezi kibaya kinatolewa kwa upasuaji na wengi wanapona. Mpaka hapo kunywa maji ya kutosha, na vidonge vya kalsiamu kama unanunua mwenyewe viache.

Dokta, baba yetu ana miaka 71, anatumia dawa ya presha ile ya kukojoza. Kwenye grupu la familia tulisoma kwamba wazee wanywe lita nne za maji kusafisha figo, tukawa tunamsimamia. Wiki iliyopita alianza kutapika, kichwa kuuma, akawa anatuita majina ya marehemu. Hospitali wamesema sodiamu ni 119. Ila wanamwekea dripu pole pole mno na wamesema asipewe maji mengi, siku ya tatu sasa, tunaona kama wanamchelewesha. Tumhamishe?

Poleni sana, na msijilaumu kupita kiasi, mlikuwa mnamtunza baba.

Yake ni upande wa pili wa yule dada wa Mbagala. Yeye maji yanamtoka, baba maji yamebaki ndani yamezimua sodiamu. Dawa za presha za kukojoza, hasa haidroklorothiazaidi, zinatoa chumvi na kuzuia figo zisiweze kutoa maji ya ziada, na ukiongeza lita nne juu yake kwa mzee, sodiamu inazama. Kuna wengine vasopresini inatoka tu bila kuhitajika, wenye nimonia, TB, uvimbe wa mapafu, wanaotumia kabamazepini ya kifafa au dawa za sonona, nao hali inafanana. Seli za ubongo zinavimba kwa maji, ndo huko kutapika na kuita marehemu.

Sasa kwanini pole pole. Ubongo wa baba umeshaizoea hiyo 119 kwa siku kadhaa. Ikipandishwa haraka maji yanachomoka ghafla kwenye seli, ganda linalofunika neva linaharibika, na siku chache baadae mgonjwa aliyeonekana amepona anashindwa kuongea, kumeza, hata kunyanyua mkono, na mara nyingi hairudi. Kwa hiyo madaktari makini hawapandishi zaidi ya 8 hivi kwa saa 24. Kuna dripu ya haraka ya chumvi kali, hiyo ni kwa anayedegedege au amepoteza fahamu, na hata hapo inapandishwa kidogo tu kumtoa hatarini, halafu wanasimama.

Msimhamishe. Kila asubuhi muulizeni daktari "sodiamu ya leo ni ngapi na jana ilikuwa ngapi", muandike. Jana 119 leo 125 ni kasi nzuri kabisa. Akitolewa hakikisheni ile dawa ya presha imebadilishwa, chukueni jina lake mkalibandike nyumbani asije akanunuliwa tena na mjukuu, na sodiamu irudiwe kupimwa ndani ya wiki moja. Maji anywe akisikia kiu, kiasi atakachoandikiwa, na lile tangazo la lita nne lifuteni kwenye grupu leo, mama nae asije akaanza.